Makinamara Mlangoni

Juzi mvua ilinikimbiza barabara ya Kingsbury mpaka chini ya kipaa cha duka moja la Wahindi, wale wanaouza bizari na bilinganya nje kwenye makasha. Nikajibanza pale na wenzangu, kila mtu na mifuko yake. Akaja mzee wa Kizungu na mbwa wake, wote wawili wamerowa chapachapa, wakajisogeza nao. Wanawake waliokuwa mbele yangu wakakusanya nguo zao, wakarudi nyuma. Mimi, mtoto wa Kiunguja niliyefundishwa tangu sijaota meno ya pili kwamba mbwa mbichi akikugusa utajitahirisha mara saba na moja kati ya hizo iwe kwa udongo, nilisogea mbele. Nilitaka niivute vizuri ile harufu. Harufu ya mbwa aliyerowa haina mtu wa kuisifu, nami siisifu. Lakini inanirudisha kwenye nyumba moja ya Cricklewood yenye ngazi nyembamba, kwa mwanamke niliyemkosea, na kwa mama yangu niliyemkosea zaidi.

Tuliingia London mimi na mama mwaka wa pili baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba yangu, Salim, alikuwa karani wa forodha, mtu mpole aliyependa kunyoosha kanzu zake mwenyewe kwa pasi ya makaa. Kabla hawajamchukua, mtu mmoja mwenye bunduki alikaa siku mbili mlangoni petu. Alikalia kiti chetu wenyewe, tulichomtolea kwa adabu, akanywa chai tuliyompikia, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka. Siku ya tatu wakaja wenzake, wakaondoka na baba. Kikumbukeni kiti hicho, maana nitakirudia. Baba alituletea salamu mbili kutoka gerezani, na ya pili ilisema: tangulieni, nitakufuateni. Basi tukatangulia, kwa msaada wa mjomba aliyekuwa Mombasa.

Chumba chetu cha kwanza London hatukudumu nacho. Mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, akasema harufu ya mapishi yetu inawaudhi wapangaji. Mimi ndiye niliyemfasiria mama. Mama alikuwa anajua maneno sita au saba tu ya Kiingereza, likiwemo la chumba na la mlango, na la hapana ambalo tulilisikia sana wiki zile. Madirishani kulikuwa na vibao vinavyosema nani hatakiwi. Tuliokuwa na rangi hatukutakiwa. Mbwa hawakutakiwa. Na vibao vingine vilisema Waairishi hawatakiwi pia, jambo ambalo lilinishangaza, kwa kuwa nilidhani wao ni Wazungu kama wale wengine tu.

Kumbe ndiyo sababu Bibi McNamara hakuwa na kibao cha namna hiyo. Alikuwa Muairishi, mjane mnene wa mashavu mekundu, amekodisha vyumba vya nyumba yake kwa vijana wa kwao waliokuwa wakichimba mitaro na kujenga barabara. Alipotufungulia mlango siku ya kwanza, mbwa wake alitangulia. Jina lake Biskuti, mzee, rangi ya chai ya maziwa, amerowa kwa mvua na anatikisa mkia kama aliyekuwa akitungoja sisi. Mama akageuka kuondoka. Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi, viatu vyangu vinatoa maji. Bibi McNamara akamwangalia mama, akamwangalia mbwa, akaelewa jambo fulani kwa namna yake, akamshika Biskuti shingoni na kumpeleka uani. Aliporudi akaniambia, "Mwambie mama yako hatapanda ngazi. Hata siku moja."

Tukachukua chumba cha juu. Mama alinituma nikachimbe udongo bustanini, nikautia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, ukawekwa chini ya kitanda ukisubiri siku ya ajali. Wapangaji walituona watu wa ajabu kidogo, wanaotunza udongo ndani.

Jina la yule bibi mama hakuliweza. Alilitia irabu za kukanyagia, likawa Makinamara. "Hujambo Bi Makinamara," alisema kila asubuhi, na yule naye akajifunza kujibu "Sijambo, Zamzam," kwa sauti kubwa, kwa kuwa aliamini lugha ya watu ukiipigia kelele itanyooka. Urafiki wao ulikuwa wa jikoni. Jiko lilikuwa moja, chini, nao walilitumia kwa zamu ambazo polepole zilikutana. Mmoja akimenya viazi, mwenzake anasukuma chapati, na mimi katikati, miguu inaning'inia, nikipeleka maneno huku na kuleta huku.

Jioni moja mama aliuliza swali ambalo kwetu mtu humuuliza mgeni kabla chai haijapoa. "Hebu mwulize, hao kina Makinamara ni watu wa wapi? Na jina lao maana yake nini?"

Bibi McNamara aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akakaa kabisa. Alisema yuko Uingereza miaka ishirini na sita na hajawahi kuulizwa hilo. Watu waliuliza tu kama analewa. Basi akanieleza taratibu, neno kwa neno, ili nisipotee. Jina ni la kwao tangu kuzaliwa, mumewe naye akiwa McNamara wa hukohuko, magharibi mwa Ireland, mkoa wa Clare, ambako bahari inagonga majabali na hakuna nchi nyingine mbele mpaka Amerika. Waingereza ndio waliokuja kuliandika kama masikio yao yalivyolisikia, lakini kwa lugha ya wazee wake lilikuwa na vipande vitatu. Kipande cha kwanza, mwana. Cha pili, mbwa. Si mbwa wa jalalani, mbwa mkubwa wa kuwinda. Cha tatu, bahari. Zamani sana babu yao mmoja, mkuu wa watu, aliitwa Mbwa wa Bahari, na wote waliotoka kwake wakawa wana wa Mbwa wa Bahari. Kwao kumwita mwanamume mbwa ilikuwa ni kumvika taji.

"Na bibi yangu," aliongeza, akiinama karibu yangu, "alikuwa akisema mbwa yule hakuitwa hivyo kwa kuuma. Bwana wake alikwenda baharini, naye akakaa ufukweni akamngoja. Mvua, baridi, akangoja. Mwambie mama yako. Sisi kina McNamara ni watu wa kungoja. Mwambie namwona anavyochungulia sanduku la barua kila asubuhi."

Mama akanitazama. "Kasemaje?"

Wasomaji wangu, nifanye nini? Kwetu, ukimwita mtu mwana wa mbwa umetafuta ugomvi wa vizazi viwili. Mama alikuwa akiishi nyumba moja na mbwa kwa shida, akijifariji kwamba mnyama yuko chini na sisi tuko juu. Sasa nimwambie kwamba mwenye nyumba mwenyewe ni mbwa, baba yake mbwa, na babu yake mbwa, na wanajivunia? Nilimjua mama yangu. Angefunga virago asubuhi. Nami nilikuwa nimechoka kuhama. Nilikuwa nimepata rafiki shuleni na kitanda karibu na hita ya mafuta ya taa.

"Simba," nikasema. "Jina lao maana yake Wana wa Simba wa Bahari."

"Mashallah," mama alisema, akamtazama yule bibi kwa heshima mpya. "Na hayo mengine? Kasema maneno mengi."

"Kasema simba huyo alikuwa hodari."

Bibi McNamara naye akataka kujua jina letu. Alikuwa hajaelewa kwa nini mimi ni Zuhura Salim na mama ni Zamzam Said, kama kwamba tumeokotana njiani. Nikamweleza kwamba kwetu kila mtu hubeba jina la baba yake, na mwanamke haliachi akiolewa. Akasema vizuri, lakini ukoo je? Ukoo tulikuwa nao, jina refu la Kiarabu ambalo babu alilitaja kwa kukohoa kwanza. Baba alilifuta kwenye karatasi zote kabla hawajamchukua, na mama alikuwa amenikataza kulitamka hata usingizini. Nilipomfasiria mama swali, alikunja uso. "Mwambie halina maana," alisema. Nikafasiri. Hilo nililifasiri sawasawa.

Karibu na Krismasi yao mama alitaka kumpa zawadi. Nyumbani alikuwa bingwa wa kudarizi foronya, na akaona hakuna kinachomfaa mwana wa simba kama simba. Lakini hakuwahi kumwona simba maisha yake yote. Unguja tuna paa na kima, simba hatuna. Siku zile mayai ya London yalipigwa muhuri mdogo wa simba kwenye ganda, mwekundu, umevujavuja. Mama alichukua yai, akaliweka kwenye kikombe mbele yake, akachora kutoka kwenye yai. Alidarizi wiki tatu kwa uzi wa hudhurungi, na chini akatia mawimbi ya buluu. Sitamsingizia mama yangu: simba yule alikuwa na miguu mirefu, mdomo mrefu, na manyoya ya shingoni ambayo kwa ukweli yalionekana kama masikio.

Bibi McNamara alipoifungua ile foronya macho yalimjaa machozi. "Ndiye mwenyewe," aliniambia. "Mbwa wa bahari mwenyewe, na maji yake chini. Mwambie mama yako ndiye mwenyewe." Nikamwambia mama kwamba bibi anashukuru sana. Mmoja aliona mbwa, mwenzake alimwona simba, wakakumbatiana juu ya meza ya jikoni, na mimi nikamshukuru Mungu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu, nakwambieni, ilikuwa ndefu.

Barua ilikuja mwezi wa pili, karatasi ya buluu yenye mwandiko wa mjomba. Mama alijua kusoma, lakini kwa herufi za Kiarabu; hizi za Kizungu zilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimevaa sare ya shule, mkate mkononi. Nilisoma salamu, nikasoma kwamba wao wote wazima, halafu macho yangu yakatangulia mbele ya mdomo, nikaona sentensi inayofuata. Mama akasema, "Soma, mwanangu." Nilifikiria kuibadilisha. Kwa nini nisiweze? Mbwa nilimgeuza simba, na siku ile nilitaka kumgeuza maiti awe mgonjwa tu. Sikuweza. Nilisoma kwamba Salim alitangulia mbele ya haki gerezani, kwa homa, siku arobaini nyuma, na kwamba waliomfunga ndio waliomzika. Mama hakupiga kelele. Aliniondolea mkate mkononi, akauweka mezani polepole, kisha akanikalisha mapajani kama mtoto mchanga, na miguu yangu ikifika chini.

Akaingia eda. Ninyi wa kwetu mnajua, na kwa asiyejua nitasema: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajifukizi udi, hatoki ila kwa dharura, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumuoa, hamuoni. Kwa hesabu ya sheria siku arobaini zilikuwa zimeshapita, angeweza kuzitoa. Alikataa. "Siku zile mie nilikuwa najipaka wanja namngoja yeye," alisema. "Nitaanza leo. Sitaki kumpunja." Akaacha kazi yake ya kiwandani, ya kushona mifuko ya makoti. Mjomba alituma cha kutosha kutuvusha.

Lakini eda ndani ya nyumba ya vijana saba wa mitaro! Choo na bafu vilikuwa ghorofa ya chini yetu, nao walipanda na kushuka na matope yao wakiimba. Nilikwenda jikoni, nikamweleza Bibi McNamara kadiri Kiingereza changu kilivyofika. Baba amekufa. Mama hatakiwi kuonekana na mwanamume. Siku mia moja na thelathini. Yule bibi alijifanyia ishara ya msalaba. Hakucheka wala hakuuliza kwa nini. Alisema kwao kuna masista wanaoishi hivyo maisha yao yote, na kwamba yeye mwenyewe mumewe alipofariki alitamani mtu amwekee mlango umefungwa, badala yake alifungua nyumba siku ya pili na kupika viazi kwa watu kumi. Akachukua kalenda ya ukutani, tukahesabu pamoja, akazungushia penseli siku ya mwisho.

Tangu siku hiyo, vijana wakianza kurudi kutoka kazini, Bibi McNamara alipandisha kiti mpaka mbele ya mlango wetu, akakaa na nyuzi zake za sufu akifuma. Biskuti, kwa mara ya kwanza, alipanda ngazi, akalala miguuni pake. Hakuna kijana aliyethubutu kupita. Mama akitaka kwenda bafuni mimi niligonga kwa ndani, naye alipiga ukelele mmoja ambao uliwafungia wote saba vyumbani mwao, kisha akageukia ukutani mpaka mama apite. Biskuti siku zote nilitangulia kumvuta pembeni, mama asimwone. Chakula bibi alikiacha nje ya mlango: mayai, mkate, viazi vilivyopondwa. Hayo yote mimi niliyaona.

Mama hakuyaona; hata akienda bafuni alijifunika shali usoni, nikimshika mkono. Mama alisikia. Alisikia kiti kikilia kwa uzito wa mtu, kila siku, saa zilezile. Alisikia pumzi, na kucha zikikwaruza mbao. "Nani yuko pale?" aliuliza. "Bi Makinamara." "Anafanya nini?" Ningesema anatulinda, angeuliza mbwa anafanya nini juu, na malaika wa rehema hawaingii penye mbwa, na baba alikuwa anazihitaji rehema hizo. Nikasema anapumzika tu. "Mlangoni pangu?" mama alisema. "Kwenye kiti?" Nilikuwa mtoto. Sikuona kwa nini neno lile, kiti, lilitoka mdomoni mwake namna ile.

Wiki ya saba ya eda, jioni moja ya mvua, Bibi McNamara aligonga kidogo kwa kidole. Labda alimsikia mama akilia, maana alikuwa akilia. Alisema kwa sauti yake ile kubwa, pole pole ili aeleweke, "Zuhura, kipenzi, mwambie mama yako asiogope kitu. Mwambie yuko McNamara mlangoni."

Mama alinyanyua kichwa. Hakuhitaji kufasiriwa. Mlango alikuwa analijua, ni katika yale maneno yake saba. Na Makinamara alilijua kuliko maneno yote ya Kiingereza. "Kasema simba yuko mlangoni," alisema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na nafasi, wasomaji wangu. Mvua inapiga dirisha, mama ananitazama, anangoja. Lakini ningeanzia wapi? Ningemwambia mjane aliyefiwa kwamba nilimdanganya jikoni, kwamba foronya ya wiki tatu alimdarizia mtu mnyama asiyekuwa wake, na kwamba nje ya mlango kuna mbwa wawili, mmoja wa miguu minne? Nikasema, "Ndiyo, mama. Ndivyo alivyosema."

"Anataka tutoke," mama alinong'ona. "Wakikaa mlangoni, siku ya tatu huja." Uso wake ulikuwa ule wa Unguja, wa asubuhi waliyoondoka na baba. Nilimwambia hapana, bibi ni mwema, anatupenda. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Hata yule tulimpikia chai."

Jumapili, Bibi McNamara alipokwenda misa, tukaondoka. Mama alijifunika shali mpaka machoni. Wanaume tuliowakuta kwenye treni walimtazama yule mwanamke aliyejificha, wakamtazama mpaka Tooting, kwa Bi Asya, jamaa wa mbali aliyetupokea. Mama aliinamisha kichwa njia nzima akijivutia shali. Nilidhani ni baridi. Biskuti alikuwa ametusindikiza mpaka kwenye geti, amerowa, akakaa chini akitutazama, na ile harufu ikanifuata kwenye soksi zangu. Sikuandika hata neno la kwaheri, na kuandika nilikuwa najua.

Usiku wala mchana wa siku ile mama hakula. Asubuhi yake alimwambia Bi Asya kwamba eda yake imevunjika, ameivunja mwenyewe, macho ya wanaume mia yamempitia. Bi Asya akamwambia hofu ni dharura, Mungu ni mwingi wa kusamehe. "Mungu atanisamehe," mama alisema. "Salim je? Alikuwa na hiki tu cha kupata kwangu." Akaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Miezi minne na siku kumi nyingine, kwenye kijichumba kisicho na dirisha, nami nikampelekea maji ya kutawadha nikijua nilichokijua. Miaka ikapita, na kila aliposimulia habari za London ya mwanzo alisema, "Simba akatutoa." Watu walicheka. Mimi nilikwenda kuangalia chungu jikoni.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina mtoto, niliporudi Cricklewood. Nilikwenda maktaba kwanza, kama anayetafuta ruhusa. Kitabu kilisema alivyosema yeye: mwana, mbwa, bahari, mkoa wa Clare, mkuu wa watu wa zamani. Habari ya kungoja ufukweni haikuwemo. Hiyo ilikuwa ya bibi yake tu.

Mlango ulifunguliwa na mpwa wake, Bridie, mwanamke wa rika langu aliyekuja kutoka Ireland akiwa msichana, majira ya kuchipua ya mwaka uleule tulioondoka. Bibi McNamara alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Niliposema jina langu, Bridie alinishika mkono akaniingiza jikoni, mezani palepale. Akanisimulia kwamba shangazi yake alitutafuta. Alikwenda shuleni kwangu, alikwenda kwa padri wake, alisimamisha kila mwanamke wa Kiafrika na wa Kihindi barabarani. Chumba chetu hakumkodishia mtu. Aliendelea kukata siku kwenye kalenda kwa penseli, moja moja, na jioni alipandisha kiti chake akakaa mbele ya chumba kitupu, mbwa miguuni. Walimwambia ameharibika akili. Aliwajibu kwamba yule mama ana hesabu yake, ikitimia atarudi. Siku aliyoizungushia penseli alifungua madirisha ya juu, akapika mayai, akaacha mlango wa mbele wazi mpaka jioni.

Nikauliza kuhusu foronya. Bridie akasema iko chini ya kichwa chake, kaburini. Aliiomba mwenyewe.

Nilidhani nimeficha tusi. Kumbe maneno niliyoyaficha yalikuwa ya mwanamke aliyemwona mama akichungulia sanduku la barua, akataka kumwambia kwamba hayuko peke yake katika kungoja. Hilo ndilo lililokuwa jina lake lote, alilopewa na bibi yake, naye akatugawia sisi, na mimi nikalimeza njiani. Nililia ndani ya basi mpaka mama mmoja wa Kijamaika akanipa karatasi ya kufutia machozi.

Mama wakati huo alikuwa akikaa kwangu, hapahapa Kingsbury. Nilimkuta na sinia la mchele mapajani, anachagua chuya. Nikakaa chini mbele yake, nikasema yote, kuanzia viazi vya jikoni mpaka kalenda. Mkono wake ulisimama juu ya mchele.

"Mbwa," alisema.

"Mbwa, mama. Wa kungoja."

"Na siku ile nilipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

Nilitaka anipige. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na nilitaka mama yangu anipige. Akarudi kwenye mchele wake, akatoa chuya moja, akatoa nyingine, akaziweka ukingoni mwa sinia.

"Simba nilimkimbia, mwanangu," alisema. "Mbwa ningemfungulia."

Kisha akavua miwani, akanisogezea sinia, akasema nimalizie mimi, yeye chuya hazioni tena.